Walinikanda mkono, kumbe ugonjwa uko kichwani

Juzi dada mmoja wa Kayole aliniandikia: baba yake ameamka mkono na mguu wa kulia havina nguvu, wanamkanda kwa maji moto tangu jana. Nikamjibu kwa herufi kubwa: MPELEKENI HOSPITALI SASA HIVI. "Kaka, mbona wanifokea?" Nafoka kwa sababu hicho ni kiharusi, na hata mimi nilikandwa.

Nilikuwa sokoni Gikomba alfajiri, nafungua bale la mashati, kikombe cha chai kikaniponyoka. Nikainama kukiokota, vidole vya mkono wa kulia vikagusa sikio la kikombe, vikakataa kufumba. Nikataka kumwita jirani yangu wa meza, maneno yakatoka ya mlevi. Akacheka. (Nimemsamehe, nusu.) Wakanilaza juu ya mitumba. Mmoja akaleta dawa ya kuchua, mwingine akasema ni upepo mbaya, shemeji akaagiza kwa simu asubiriwe. Zikapita saa tano.

Mkono haukuwa na kosa. Ubongo wa kushoto ndio unaoendesha upande wa kulia wa mwili, na kwa watu wengi usemi nao hukaa huko huko kushoto. Bonge la damu lilikuwa limeziba mshipa upande huo. Daktari hakuuliza habari za mkono, aliuliza: "Ilianza saa ngapi?" Dawa ya kuyeyusha bonge hutolewa ndani ya saa nne na nusu, tena baada ya skani ya kichwa, maana kama mshipa umepasuka na damu inavuja, dawa hiyo hiyo yaweza kuua. Shemeji akatazama sakafu.

Basi sikieni. Uso ukipinda upande mmoja, mkono ukiinuliwa ukaanguka, usemi ukivurugika, tazama saa na utafute gari. Usimpe mgonjwa aspirini wala uji. Huenda koo nalo limelegea, akapaliwa. Dalili zikipotea baada ya dakika kumi, nenda vilevile, hilo ni onyo. Na pimeni presha! Mimi nilipimwa bure kanisani, nikaambiwa 180 kwa 110, nikaenda kula nyama choma. Pimeni presha, jamani.

Tena msimwinue mgonjwa kwa kumvuta mkono uliopooza. Binamu yangu alinivuta hivyo kitandani, na bega hili linaniuma hadi leo. Hajawahi kuuliza.

Miezi ya mazoezi siisimulii, inachosha: kufumba, kufumbua, kufumba. Ila Jumapili iliyopita nilifunga vifungo saba vya shati langu mwenyewe, kwa dakika kumi na moja. Mke wangu alisimama mlangoni, nikamkataza kunisaidia.

Jana usiku dada wa Kayole akaandika tena, wako kwenye foleni ya skani. "Kaka, mkono utarudi?" Sikutaka kumdanganya. Nikampigia picha lile shati, kifungo cha tatu kikiwa kwenye tundu la nne.