Usiijue idara siku ya kusainiwa fomu

Tulipomaliza mtihani wa mwisho wa kidato cha nne, kila mmoja alipewa karatasi ya kuzungusha shule nzima: idara ya Hisabati isaini kwamba hudaiwi kitabu, idara ya Lugha isaini, maabara, stoo, kila mahali. Mwenzangu akanivuta pembeni ya jengo la utawala, akaniuliza kwa sauti ya chini, "Hivi idara ya Jiografia ni chumba gani?" Miaka minne tumesoma pale! Nilicheka, kisha nikakumbuka kwamba hata mimi, hadi kidato cha tatu, idara nilikuwa nazipita kwa mbali.

Tulikuwa na sababu. Kwenye shule yetu ya kata, kuitwa idarani kulikuwa na maana moja tu: umekosa. Hukumaliza zoezi, au daftari lako limeonekana kwa mwenzako. Ulikuwa unaingia viganja vimeshajiandaa. Kwa hiyo mdogo wangu unayesoma hapa, kama nawe unaukwepa mlango ule, nakuelewa kabisa. Ila umejinyima kitu.

Mimi nilipelekwa na aibu. Muhula wa kwanza wa kidato cha tatu nilipata 21 kwenye Kemia, na zaidi ya nusu ya alama nilizopoteza zilikuwa kwenye hesabu za moli. Mwalimu wetu alilifundisha somo hilo mara tatu, nami sikulielewa mara tatu. Siku moja wakati wa mapumziko nikajikaza kwenda kumtafuta. Sikumkuta. Aliyekuwepo ni mwalimu wa kidato cha pili, mbele yake sahani ya muhogo wa kuchemsha. Nikataka kurudi nyuma, akaniwahi: "Una shida gani?"

Nikamwonyesha daftari. Hakushika hata kalamu. Akaniuliza trei ya mayai ina mayai mangapi. Thelathini. Trei mbili na nusu? Sabini na tano. Haya, trei ya mayai ya kuku na trei ya mayai ya kware, ipi ina mayai mengi? Sawa tu. Ipi nzito? Ya kuku. "Basi moli ni trei," akasema. "Ila trei hii inabeba chembe 6.02 × 10²³. Trei ya kaboni ina uzito wa gramu 12, trei ya magnesi gramu 24. Idadi ileile, uzito tofauti." Dakika kumi hazikufika.

Sisemi mwalimu wetu wa darasani hakujua kufundisha. Wenzangu wengi walimwelewa. Lakini kichwa changu kilihitaji mayai, na mayai yalikuwa kwa mwalimu mwingine. Hiyo ndiyo faida ya kwanza ya idara ambayo wanafunzi hawaioni: somo lako lina walimu zaidi ya yule aliyeandikwa kwenye ratiba ya darasa lako. Huhitaji ruhusa ya ajabu kumuuliza wa pili. Muulize kwa adabu tu, na usianze kwa kumsema wa kwanza. Walimu wa idara moja wanakaa meza moja, maneno yatafika.

Faida ya pili niliijua nilipokwenda upande wa pili wa meza. Baada ya chuo nilijitolea kufundisha kwa muda, tukafanya mitihani ya ujirani mwema na shule za jirani. Idara ikagawana maswali, mimi nikapewa swali moja peke yake nilisahihishe kwenye karatasi zote. Lilikuwa la vitendo, la bureti, lile bomba la kioo la kupimia kimiminika. Nilipofika karatasi ya arobaini nilikuwa nayajua makosa kabla sijafungua ukurasa. Bureti imegawanywa kwa sehemu za 0.1, hivyo usomaji huandikwa kwa desimali mbili: 23.00. Lakini wengi waliandika 23 tu. Walijua kazi, mikono yao ilifanya vizuri, alama zikaenda kwa sababu ya nukta na sifuri mbili.

Kwa hiyo karatasi yako ikirudi, usiishie kulinganisha alama na jirani. Uliza swali lililokuangusha amelisahihisha nani, umfuate huyo. Kichwani mwake kuna makosa ya watoto mia na zaidi, na atakueleza bure. Halafu omba kuona ule uchambuzi wa majibu ya watahiniwa ambao NECTA, Baraza la Mitihani la Tanzania, huutoa kwa kila somo. Ndani yake kuna mifano ya majibu mazuri na mabovu, yamenakiliwa kutoka kwenye karatasi za watahiniwa wenyewe. Upo pia kwenye tovuti yao, lakini kwenye makabati ya idara nyingi umelala tu unakula vumbi.

Kuhusu tahasusi, yaani mchanganyiko wa masomo ya kidato cha tano na sita, nitasema kifupi, ingawa ndilo jambo lililonigharimu. Nilichagua PCB (Fizikia, Kemia na Biolojia) kwa furaha ya mtu anayeikimbia Hisabati. Nilipofika kidato cha tano nikaikuta Basic Applied Mathematics, somo la hesabu, imekaa inanisubiri. Mwalimu yeyote wa idara ya Sayansi angeniambia hilo kwa sentensi moja. Nilimuuliza binamu. Tangu 2024 tahasusi zimeongezwa hadi 65, kwa hiyo binamu ndiyo kabisa hatakusaidia.

Najua kuna shule ambako idara ya Fizikia ni mtu mmoja na kabati. Au kabati peke yake. Hapo usingoje. Chukueni mitihani ya nyuma iliyomo, igawaneni maswali ninyi wenyewe, kisha yale yaliyowashinda mpelekeeni mwalimu wa taaluma awaunganishe na shule mnayofanya nayo ujirani mwema. Kikundi cha watu watano kikiomba, ni vigumu kukikatalia.

Na hili nalisema hasa kwa wadogo zangu wa kike: uzuri mmoja wa idara ni kwamba ni ofisi ya watu wengi, mlango uko wazi, watu wanapita. Mwalimu akikwambia swali hili tutalimalizia nyumbani kwake, jibu ni kwamba utamsubiri idarani kesho. Akiendelea kusisitiza, nenda kwa matroni au mwalimu wa malezi siku hiyohiyo.

Unaingiaje sasa? Nenda mapumziko, si Ijumaa kipindi cha mwisho. Nenda wawili kama unaogopa. Beba swali moja ulilolijaribu ukakwama, daftari likiwa wazi ukurasa uleule, maana mwalimu akiona umekwama wapi hatakuanzishia somo upya. Shikamoo, kisha swali. Na ukimkuta anakula, simama mlangoni umsubiri. Mimi sikusubiri, ila nilipewa kipande cha muhogo.