Kamera ya Ghala Haifunguki Nikiwa Nansio

SWALI: Ndugu Mhariri, ninauza dagaa na sangara katika mwalo wa Kirumba, Mwanza. Nimefunga kamera ghalani pamoja na ruta ndogo inayotumia laini ya simu. Nikiwa hapo hapo ghalani picha ninaiona, lakini nikivuka kwenda Nansio haifunguki. Ruta inaonyesha anwani inayoanza na 100.72, ilhali tovuti za kupima anwani zinaonyesha nyingine kabisa, tena zinasema niko Dar es Salaam. Je, laini yangu imeingiliwa? – Msomaji, Kirumba.

JIBU: Ndugu msomaji, uliyoyaeleza si dalili ya kuingiliwa, ndivyo mitandao mingi ya simu inavyogawa anwani.

Anwani za IP, yaani namba zinazotambulisha vifaa kwenye intaneti, za toleo la nne hazifiki bilioni 4.3 kwa dunia nzima, na akiba kuu ya kimataifa iliisha Februari 2011. Kwa sababu hiyo, mwaka 2012 zilitengwa anwani kuanzia 100.64.0.0 hadi 100.127.255.255, zaidi kidogo ya milioni nne, ambazo kampuni yoyote inaweza kuzitumia ndani ya mtandao wake. Yako ni mojawapo, na huenda mteja wa kampuni nyingine anayo hiyo hiyo wakati huu.

Fikiria sanduku la posta la shule. Wanafunzi wote hutumia S.L.P. moja, majibu ya barua walizoandika huwafikia kwa sababu ofisi iliandika nani alimwandikia nani, lakini barua isiyo na jina haina pa kwenda. Lango la kampuni, yaani mahali mtandao wake unapoungana na intaneti, hufanya vivyo hivyo: huwapa wateja wengi anwani moja ya nje, na kuwatofautisha kwa namba za poti, ambazo ni zaidi ya 65,000 kwa kila anwani. Ombi lako kutoka Nansio ni barua isiyo na jina, kwa kuwa kamera haikuanza mazungumzo.

Kuhusu Dar es Salaam, data yako hufungashwa mnarani na kusafirishwa ndani ya mtandao hadi langoni, ambako huenda ni mbali sana na ziwa. Mitandao ya nje, inayopashana habari za njia kwa itifaki ya BGP, hutangaziwa fungu zima la anwani za kampuni na haijui lolote kuhusu Kirumba. Tovuti zile hukisia tu mahali. Mpango huu una faida ambayo naithamini sana: ukiwa kwenye meli minara hubadilika, lakini lango hubaki lile lile, hivyo anwani ya simu yako haibadiliki na mazungumzo yanaendelea.

Suluhisho ninalolipendekeza ni kamera, au ruta yenye VPN (njia ya faragha ndani ya intaneti), inayoanza yenyewe kuwasiliana na seva, yaani kompyuta ya huduma, iliyo nje, nawe ukaikuta huko. Njia ya pili ni kuomba anwani ya umma isiyobadilika, ambayo kwa kawaida hulipiwa. Ukiipata, badilisha kwanza nywila iliyokuja na kamera, kwa kuwa kamera hiyo itaonekana na dunia nzima. Uliza pia kama laini yako inapewa IPv6, yaani toleo la sita la anwani hizo, ambayo haina uhaba huo wa anwani, na kama kampuni huruhusu maombi yanayotoka nje kuifikia, kwa sababu mara nyingi huzuiwa hata huko.