Mtoto haoni watu wengine: je, atachelewa kuongea?

SWALI: Mwanangu ana miezi minane. Kwa ushauri wa daktari, kwa miezi michache hatutoki wala kupokea wageni. Nyumbani tupo mimi na baba yake tu. Bibi yake akitokea kwenye simu ya video, mtoto anaangua kilio. Je, hali hii itamchelewesha kuongea? Katuni zinaweza kusaidia?

JIBU: Mama, kilio hicho kisikutishe. Kati ya miezi sita na tisa watoto wengi huanza kuogopa sura ngeni, hata wanaolelewa katika nyumba iliyojaa watu.

Ili aongee, mtoto wako hahitaji umati. Anahitaji mtu wa kumjibu. Akisema "ba", mtazame, mrudishie "ba-ba", kisha nyamaza sekunde chache. Wazazi wengi hushindwa hapo penye kunyamaza: tunammwagia maneno mfululizo, naye hapati zamu yake.

Hata hivyo, kujitenga kunaweza kuwa na athari. Watafiti wa Ireland waliwafuatilia watoto waliozaliwa mwanzoni mwa janga la UVIKO-19, wakachapisha matokeo mwaka 2022. Walipotimiza mwaka mmoja, waliokuwa na neno lenye maana, waliojua kunyoosha kidole au kupunga mkono wa kwaheri walikuwa pungufu kidogo wakilinganishwa na waliozaliwa kabla ya janga. Waliotambaa, kinyume chake, walikuwa wengi zaidi. Kama hakuna mgeni anayeondoka, kwaheri aipunge kwa nani? Na kila kitu ndani akiwa ameshakizoea, kidole akinyooshee nini?

Basi zitengenezeni kwaheri. Baba akienda kuoga, asimame mlangoni, apunge mkono, aseme "kwaheri", na akirudi asalimie kama mgeni. Vitu vya kuchezea msimpe vyote kwa pamoja. Fichani baadhi, mvitoe baada ya siku kadhaa. Kifuniko cha sufuria au kijiko cha mbao vinatosha, mradi kisiwe kitu cha kumezeka. Mpeleke dirishani, subiri uone macho yake yanatua wapi, ndipo utaje kile anachokitazama yeye, si ulichokipenda wewe.

Katuni, hapana. Shirika la Afya Duniani, katika mwongozo wake wa 2019, halipendekezi kabisa kumtazamisha skrini mtoto aliye chini ya mwaka mmoja. Mwaka 2003 Patricia Kuhl, mtafiti wa jinsi watoto wanavyojifunza lugha, na wenzake walionyesha kuwa watoto Wamarekani wa miezi tisa walijifunza sauti za Kichina kutoka kwa mtu aliyecheza nao ana kwa ana. Waliomwona kwenye video hawakuambulia kitu. Simu ya bibi ni jambo jingine, kwa sababu bibi anajibu. Mpakate mtoto, bibi azungumze kwanza na wewe huku mjukuu akimchunguza, ndipo ajifiche uso kwa kitambaa na kuibuka.

Muda mwingine mwacheni sakafuni ajinyooshe, msimfunge kitini zaidi ya saa moja mfululizo.

Akifika miezi tisa hageuki akiitwa jina, hatamki silabi kama "ma-ma" au "ba-ba", au wakati wowote akipoteza alichokuwa anakiweza, usisingizie kujitenga. Piga simu kliniki, uulizie na kipimo cha masikio. Tarehe za chanjo nazo mzungumze na daktari, zisipite kimyakimya.

Nawe pia, mama: ukiona wiki mbili zimepita huna raha na hata kucheka naye ni kazi, mwambie daktari. Sonona hutibika, na mzazi aliyezidiwa nayo hupata shida kumjibu mtoto.