Paroko akistaafu anakwenda wapi? Jibu la mmoja aliyekabidhi funguo

Ndugu mleta mada, umeuliza mambo mawili. Kwanza, paroko akizeeka anapelekwa wapi. Pili, baada ya miaka yote ile bado anaamini, au imebaki kazi kama ya karani yeyote? Majibu yaliyotangulia nimeyasoma, mengine nimecheka peke yangu. Mimi ni padri wa jimbo, nimezunguka vijiji vya Tabora tangu mwanzoni mwa miaka ya 1980, na mwaka jana nimekabidhi parokia. Jina niachieni. Wanaonijua watanijua kwa maneno.

La kwanza ni jepesi. Kanuni ya 538 ya Sheria ya Kanisa inamwomba paroko akitimiza miaka 75 amwandikie askofu barua ya kujiuzulu. Askofu anapima, anaweza kuipokea papo hapo au akaiweka kwanza. Yangu ilikaa miezi kadhaa. Kanuni hiyohiyo inamtaka askofu aangalie mzee atakula nini na atalala wapi. Unachokiacha ni uparoko, yaani kuongoza parokia. Upadri mtu hufa nao. Sasa hivi nasoma misa ya kwanza kwenye parokia moja ya mjini, naungamisha, mchana nakaa chini ya mwembe. Kwa yule aliyeandika kwamba mapadre tunastaafu na mamilioni: ni kweli sisi wa jimbo hatuweki nadhiri ya ufukara kama watawa, tunaruhusiwa kuwa na mali. Mimi nimeondoka na vitabu, redio na makoti mawili.

Swali la pili ndilo lililonifanya niandike, na nitalijibu kwa njia ndefu kidogo.

Wiki ya makabidhiano nilikesha na kitabu cha ubatizo. Wengi hamjawahi kukiona kwa karibu. Pembeni mwa kila jina kuna nafasi ya kuandika kipaimara, ndoa, na mengine yanayomfuata mtu huyo maishani. Aliyebatizwa kwangu akifunga ndoa Mwanza, paroko wa huko hunitumia taarifa nami naijaza. Nilikuwa na bahasha nzima ya taarifa ambazo sikuwa nimezijaza, ni aibu kumwachia kijana mzigo huo, basi nikakaa nazo kwa taa ya sola hadi jogoo. Nikakuta msichana niliyembatiza, kurasa nyingi mbele nikakuta mwanawe, mbele zaidi mjukuu. Mwandiko ni wangu kote, ila kwa mjukuu umeshaanza kutetemeka. Majina nayo yamehama: zamani nilibatiza akina Gaudensia na Melkiori, siku hizi ni Precious na Brighton. Nimewahi kubishana na mama mmoja nusu saa nzima kuhusu jina. Alishinda.

Parokia ina daftari lingine pia, la zaka na mahudhurio ya jumuiya, yale makundi ya majirani wanaosali pamoja kila wiki. Hilo nitalirudia.

Nilipotoka Kipalapala, seminari yetu hapa Tabora, na mafuta ya upadrisho hayajakauka mikononi, nilidhani naipelekea vijiji imani. Parokia yangu ya kwanza ilikuwa na vigango, yaani makanisa madogo ya vijijini, kumi na kitu. Kwa pikipiki kwenye mchanga wa kiangazi, na tope la masika ambalo halina huruma na padri, kigango cha mbali kilinipata mara tatu au nne kwa mwaka. Jumapili zote nyingine zilikuwa za katekista. Aliongoza ibada bila padri, alifundisha watoto, alizika, na Jumatatu yuko kwenye bani lake la kukaushia tumbaku anachochea kuni. Malipo yake mkiyasikia mtaona haya. Wala si jambo jipya: Wamisionari wa Afrika walifika Ujiji mwaka 1879, ila waliobaki na watu kijiji kwa kijiji walikuwa makatekista. Kule Karema, kandokando ya Ziwa Tanganyika, Adrian Atiman, mtoto wa Afrika Magharibi aliyekombolewa utumwani na kusomeshwa udaktari Malta, alitibu na kufundisha dini hadi alipofariki mwaka 1956. Hakuwa padri.

Je, imani ilichoka? Ilichoka. Miaka ya 1990 nilizika sana. Ukimwi ulikuwa unapita nyumba kwa nyumba, unamzika baba, baada ya muda mama, unabaki na bibi na watoto wamekaa mkekani wanakuangalia wewe mwenye kanzu. Kuna kipindi nilisoma masifu ya jioni kama mtu anayesoma ratiba ya treni, na ratiba ya treni, kwa sisi wa Tabora, hakuna aliyekuwa akiiamini. Niliendelea kwenda jumuiya Jumamosi kwa sababu walinisubiri, si kwa sababu ya uchaji. Jumuiya ndogondogo maaskofu wetu wa Afrika Mashariki walizitilia mkazo mwaka 1976, mimi nikiwa bado mseminari, na nilizifanyia mtihani nikapata alama nzuri. Nilichokuwa sijasoma ni bibi mmoja asiyejua kusoma, ambaye zamu yake ikifika aliombea mvua, akaombea mbuzi wake aliyevunjika mguu, kisha akasema, “na baba paroko wetu, Bwana, anakonda.” Wote wakaitikia, “Ee Bwana, utusikie.” Nilikuwa nimekaa palepale kwenye benchi.

Sasa daftari.

Mzee mmoja alifariki. Mwenyekiti wa jumuiya alikuja na daftari mkononi, akanionyesha mstari wake: mweupe miezi na miezi, hana jumuiya, hana zaka. Halmashauri ya parokia ilikuwa imeweka utaratibu kwamba mtu wa namna hiyo hapati misa, na mimi niliusaini. Nikasema utaratibu ni utaratibu. Alizikwa na ndugu zake bila padri wala katekista.

Mzee yule alikuwa mrina asali. Mnaotoka Sikonge mnajua maana yake: mtu anaingia porini na baiskeli na unga, anakaa kambini wiki nyingi, mizinga iko mbali. Hilo nililijua. Nilichokosa ni kuuliza swali moja tu. Tena Kanuni ya 1184 inawataja wanaonyimwa maziko ya Kanisa: walioiasi imani waziwazi, waliochagua kuchomwa moto kwa kuupinga Ukristo, na wadhambi wa hadharani ambao kuzikwa kwao kungekwaza waumini. Kukiwa na shaka, aulizwe askofu. Zaka haimo, wala mahudhurio. Kanuni hiyo nilikuwa nimefundishwa darasani, na kitabu kilikuwa kwenye rafu yangu.

Ilinichukua miaka mitatu kwenda kwa mjane. Alinipa kigoda, akaniletea matobolwa, viazi vitamu vya kukaushwa, na karanga, akakaa. Nilipoanza maneno yangu aliyasikiliza yote, kisha akasema, “Kaburi lipo, baba. Mjukuu atakuonyesha.” Majani yalikuwa yamefika magotini. Msalaba wa mninga, jina limeandikwa kwa rangi ya mlango, herufi ya mwisho imekosa nafasi ikapandishwa juu. Mtoto alinishikia ndoo ya maji. Nilisoma sala za maziko kuanzia mwanzo, bila kuruka kitu, watu tukiwa wawili tu na mbuzi wa jirani. Nilirudi nikaita halmashauri, tukaufuta utaratibu ule. Mwenyekiti alinuna karibu mwaka.

Sasa mleta mada, unauliza kama naamini. Jioni ile pale kaburini niliamini. Kuna asubuhi nyingine naamka sina kitu, nakwenda kusoma misa hivyohivyo, na katikati ya misa kinarudi au hakirudi. Sina jibu zuri kuliko hilo.

Siku ya kuagwa WAWATA, akina mama Wakatoliki, walinivika kitenge nikaonekana kama bibi harusi. Zawadi zikapita, hotuba zikapita. Mwishoni kabisa akaja yule mjane na chupa ya asali ya nyuki wadogo, akainama akaninong'oneza, “Hii usimpe askofu.”

Sijampa.