RFID stoo: kazi kubwa ni kuizuia rida isisome usichotaka

Mleta mada ameuliza kama aachane na barkodi aingie kwenye tagi za RFID (lebo zenye chipu na antena ndogo, zinasomwa kwa mawimbi ya redio na kifaa tunachokiita rida), maana kila wakihesabu stoku namba za kwenye mfumo na mzigo ulioko chini havikutani. Mimi ndo kazi yangu hii, nafunga rida kwenye maghala alafu nabaki nazo zikishaanza kazi, kwahiyo nitaandika kwa urefu kidogo.

Faida ipo na ni kubwa. Barkodi lazima uione, katoni moja moja, mtu anainama anageuza anapiga skana. Tagi ya UHF (aina ya RFID inayosomeka kwa mbali) haihitaji kuonekana, rida ya mkononi mazingira yakiwa mazuri inasoma mamia ya tagi kwa sekunde, mtu anapita kati ya rafu akiizungusha taratibu na upande mzima umehesabika. Kazi mliyokuwa mnafunga ghala ili muifanye sasa mnaifanya wakati wowote.

Wengi wanachoogopa ni tagi kutosomwa. Ni kweli inatokea, maji yanameza mawimbi ya UHF na chuma kinayarudisha, hivo katoni ya vinywaji iliyoko katikati ya paleti usiitegemee sana. Kwa vyuma kuna tagi maalum zenye tabaka nene linaloitenganisha antena na chuma, bei iko juu ila zinafanya kazi vizuri tu. Hili linatatulika.

Linalosumbua zaidi ni rida kusoma KUPITA KIASI. Umeweka antena ya rida mlango wa kupakilia, foklifti inapita na paleti moja, rida inasoma hiyo paleti pamoja na zote zilizopangwa pembeni, maana tagi isiyo na betri inaweza kujibu hata kutoka mita kumi ikiwa njia iko wazi. Mfumo unaandika mzigo umetoka wakati mzigo uko palepale. Kuna ghala nililoitwa, paleti ileile ilikuwa inaonekana inatoka na kuingia usiku kucha na mlango umefungwa kwa kufuli, kumbe imeegemezwa kwenye ukuta wa bodi nyuma ya antena. Antena inasukuma mawimbi mbele lakini kidogo yanavuja nyuma pia, na bodi haizuii kitu. Tukaisogeza ile paleti, usiku huohuo kimya.

Sasa hapo watu wanakosea, wakiona usomaji hauna mpangilio wanaongeza nguvu ya rida. Punguza! Elekeza antena zitazamane kukatiza mlango zisitazame ndani ya ghala, acha nafasi tupu kuzunguka mlango na uipige rangi sakafuni ili mtu asiweke mzigo hapo, weka sensa ili rida iwake pale tu kitu kinapopita. Alafu angalia nguvu ya ishara inayorudi, tagi inayotembea ishara yake inapanda inafika kilele inashuka, tagi iliyolala rafuni inabaki vilevile muda wote. Programu nzuri inazitenganisha kwa hilo, na ukiweka antena za ndani na za nje inajua mpaka mzigo umeelekea wapi. Muulize muuzaji programu yake inafanyaje hapo, akianza kuzunguka zunguka mwache.

Kingine ambacho hakisemwi sana ni namba yenyewe. Tagi haijui kama imebandikwa kwenye sabuni au betri, imebeba namba tu, mara nyingi ya biti 96, maelezo yote yako kwenye mfumo. Kuna roli za tagi zinatoka kiwandani zote zina namba moja, ukizibandika bila kuziandika upya katoni mia zinahesabika moja. Tumia printa inayoandika namba na kuihakiki hapohapo, na uchape barkodi kwenye lebo hiyohiyo ili tagi ikifa mtu apige skana kazi iendelee.

Rida nunua ya masafa yanayoruhusiwa ulipo, Ulaya wengi wako 865 mpaka 868 MHz na Marekani 902 mpaka 928, tagi nyingi zinajibu kote ila rida ya kule ukiiwasha kwingine unaweza kuvunja sheria.

Ila kabla ya yote hayo tafuta kwanza kwanini namba zako hazikutani. Kama watu wanachukua mzigo bila kuandika, rida ya mlangoni itakusaidia sana. Kama ni mapokezi wanaingiza idadi ya kwenye karatasi bila kufungua katoni, RFID haitagusa hilo tatizo hata kidogo, labda msambazaji wako abandike tagi kila kipande kule kwake. Azima rida moja ya mkononi na tagi za aina tatu nne, bandika kwenye mzigo wako mgumu kuliko yote, panga paleti kama mnavyopanga siku zote, soma. Kisha weka hapa umepata nini na mlango wenu una upana gani, tujue antena ngapi zinakutosha.