Shoga Yangu Amefariki, Nami Sina Eda

SWALI: Assalamu alaykum. Nina umri wa miaka 73, mkaazi wa Ng'ambo, Unguja. Shoga yangu, tuliyesoma naye chuo kimoja na kuchezwa unyago na somo mmoja, alifariki mwezi wa Rajabu. Matanga yalipokwisha watu walitawanyika, na sasa wanangu wananilaumu kwamba ninajikondesha kwa mtu asiye ndugu, tena nisiye na eda yake. Tuna doti moja ya kanga tuliyoikata zamani, kila mmoja akachukua kipande chake. Nasikia nguo zake zitatolewa sadaka. Je, ni aibu kukiomba kipande chake?

JIBU: Waalaykum salaam, Bibi yetu, na pole sana kwa msiba.

Ni kweli kwamba eda ya miezi minne na siku kumi ni ya mke aliyefiwa na mumewe, na kwamba kwa maiti mwingine yeyote mwanamke haruhusiwi kukaa kizuka zaidi ya siku tatu. Lakini kilichowekewa mpaka hapo ni kuacha manukato na mapambo, ilhali huzuni ya moyoni haikupangiwa siku, na wanao wameyachanganya mambo hayo mawili. Waambie, kwa upole, kwamba Bibi Aisha, mke wa Mtume, amesimulia kuwa Mtume (S.A.W.) alikuwa akichinja mbuzi huwapelekea nyama mashoga wa Bibi Khadija, mkewe wa kwanza, ambaye wakati huo alikwisha kufariki. Hadithi hiyo tumezoea kuisimulia kwa sababu ya wivu wa Bibi Aisha, tukawasahau wanawake waliopelekewa nyama. Katika kitabu cha hadithi cha Sahihi Muslim, tena, imepokewa kwamba wema ulio mkubwa ni mtoto kuwaunga wapenzi wa mzazi wake. Kwa hiyo watoto wa marehemu ndio wenye wajibu kwako, na ukenda kwao hujipendekezi.

Kuhusu kanga, hapana aibu, ila wahi. Nguo za maiti, hata zilizochakaa, ni mali ya mirathi, wala hazifai kutolewa sadaka mpaka warithi wote waridhie. Na akiwamo mtoto mdogo, fungu lake haliguswi. Mwendee binti mkubwa, umwoneshe kipande chako na umweleze mliikata lini na kwa nini, kwani huenda hata hajui kwamba kile cha mamake kina mwenzake. Ukifika hapo, msimulie na mengine ya usichana wa mama yake ambayo hakuna mwingine aliyebaki wa kumsimulia.

Jambo moja hukulitaja, nasi tunakuuliza: unakula, na unalala? Wazee waliofiwa mara nyingi husahau dawa za presha au sukari bila ya kukusudia, hasa ikiwa aliyekuwa akiwakumbusha ndiye huyo aliyeondoka. Ikiwa usingizi na chakula vimekushinda kwa wiki kadhaa, mwambie mwanao akupeleke kituo cha afya, na daktari aelezwe habari ya msiba pia.