Kuondoa nafsi ya pili kwenye hati za vipimo vya utendaji: maswali na majibu

Safari hii maswali yametoka kwa wanaoandika kwa Kiswahili hati za kupima kasi ya programu, ambao wahakiki wao wamewataka waondoe maneno yanayomsemesha msomaji. Safu hii yenyewe inamsemesha msomaji kila mstari, na itaendelea hivyo, kwa kuwa si ripoti ya vipimo.

Kwani "utapata miamala 5,000 kwa sekunde" ina ubaya gani?

Ni ahadi, tena ahadi isiyo na mashine. Namba ya kipimo ni mali ya seva fulani, toleo fulani na mzigo fulani. Neno "utapata" linaifanya ionekane ya kila mtu. Kwa pgbench, chombo cha kupimia mfumo wa hifadhidata wa PostgreSQL, sentensi hiyo iwe hivi (namba ni za mfano): "Jaribio la dakika 10, kwa wateja 16 (miunganisho ya wakati mmoja), nyuzi 4 (threads) na kipimo cha ukubwa 100 (ukubwa wa hifadhidata ya jaribio), lilitoa wastani wa miamala 5,000 kwa sekunde." Nafsi ikiondoka, mwandishi hulazimika kujaza hali ya jaribio, na hiyo ndiyo faida yenyewe.

Tena "wewe" wa hati hizi ni watu watatu: anayeendesha jaribio, anayesimamia seva, na anayesoma matokeo. Wape majina yao tangu ukurasa wa kwanza.

Nimetafuta "wewe" hati nzima, limetokea mara mbili tu. Nimemaliza?

Bado sana. Kwa Kiswahili nafsi ya pili imejibanza ndani ya kitenzi. Anza na viwakilishi na vimilikishi, kwa `grep`, amri ya kutafuta maneno ndani ya mafaili:

`grep -niwE 'wewe|ninyi|nyinyi|wako|yako|lako|chako|vyako|zako|kwako' *.md`

Herufi `i` isisahaulike, maana "Ukitumia" na wenzake hupenda kuanza sentensi kwa herufi kubwa. Kisha vitenzi:

`grep -niE '\b(u|m)(na|ta|li|me|ki|nge)[a-z]+' *.md`

Amri hii ya pili italeta takataka nyingi: "utaratibu", "utafiti", "ulinganisho", "mtandao", hata "umeme". Usijaribu kubadilisha yote kwa mkupuo kwa `sed`, amri ya kubadilisha maandishi. Ngeli ya U-I nayo inatumia kiambishi kilekile: "mzigo unaongezeka" hauna kosa, "unaongeza wateja" una kosa. Hakuna amri itakayotenganisha hayo mawili. Lazima macho yatafute kiima.

Mitego miwili inastahili kusimamiwa. Wa kwanza ni "yako". "Mafaili yako kwenye saraka ya matokeo" yaweza kuwa ni mafaili ya msomaji, au mafaili yaliyopo humo. Andika "yamo kwenye", shaka iishe.

Wa pili ni "hu-", na huu ndio hatari zaidi. "Huandiki" na "huandika" zinatofautishwa na irabu ya mwisho. Lakini vitenzi vyenye asili ya Kiarabu havibadilishi mwisho wake, kwa hiyo "huhitaji GB 8" yaweza kumaanisha kwamba jaribio huzihitaji kila mara, au kwamba msomaji hazihitaji kabisa. Maana mbili zinazopingana, herufi zilezile! Andika "jaribio linahitaji" au "jaribio halihitaji", na "hu-" ya mazoea iachwe kwa vitenzi visivyo na utata huo.

Kiambishi "-ku-" cha mtendwa, kama katika "itakuonyesha", hakifai kutafutwa kikiwa peke yake, kwani kitanasa "inakuwa", "inakubali" na "hazikusomwa". Tafuta mashina machache yanayojirudia: -kuonyesha, -kusaidia, -kuruhusu, -kuwezesha, -kupa.

Basi nitumie kauli ya kutendwa kila mahali?

Hapo ndipo wengi wanapoharibu. "Unasafisha kashe" (hifadhi ya muda ya data) ikigeuzwa "kashe inasafishwa", nafsi imeondoka na habari imeondoka nayo. Ni nani anasafisha, na mara ngapi? Kwenye Linux, kuandika 3 ndani ya `/proc/sys/vm/drop_caches` mara moja kabla ya majaribio yote ni kipimo kimoja. Kufanya hivyo kabla ya kila mzunguko ni kipimo kingine kabisa. Katika hyperfine, chombo cha kupimia muda wa amri, amri iliyopewa `--prepare` hutekelezwa kabla ya kila mzunguko, ile ya `--setup` hutekelezwa mara moja mwanzoni. Kwa hiyo: "Skripti husafisha kashe kabla ya kila mzunguko." Mtendaji yupo, idadi ipo.

Sentensi za sharti zinarekebishika vizuri zaidi kwa kukipa kitu chenyewe nafasi ya kiima. "Ukiweka wateja wengi utapata matokeo mabaya" iwe: "Wateja (`-c`) wakizidi kipimo cha ukubwa (`-s`), miamala hugongana kwenye jedwali la `pgbench_branches`, lenye mistari sawa na thamani ya `-s` tu, na kinachopimwa hapo ni foleni ya kusubiri kufuli." Thamani ya `-s` isipotajwa ni 1, yaani mstari mmoja. Hiyo ndiyo sababu wanaosahau kukiongeza huona wateja 16 wakisukumana mlangoni.

"Inapendekezwa" nayo ikatwe. Andika sababu.

"Endesha" na "Hakikisha" nazo ziondoke?

Kwenye hatua zenye namba, hapana. Amri fupi ni wazi kuliko "mwendesha jaribio ataendesha", na mwongozo wa uandishi wa Google kwa watengenezaji programu hata unapendelea kumsemesha msomaji. Ondoa kwenye mbinu, masharti na matokeo. Mwongozo wa usakinishaji uache ulivyo. Ujumbe wa programu ulionukuliwa na vipande vya msimbo visiguswe.

Baada ya kusafisha hati, thamani moja imekuwa 10 badala ya 100. Nizuieje?

Hutokea sentensi inapoandikwa upya. Kabla na baada ya kazi, toa namba zote na uzilinganishe:

`grep -oE '[0-9]+' hati.md | sort > kabla.txt`

Rudia ukiandikia `baada.txt`, kisha `diff kabla.txt baada.txt`. Namba mpya ulizoongeza kwa makusudi zitaonekana humo. Yoyote nyingine ni kosa. Mabadiliko ya maneno yawe na komiti yake (commit ya Git), yasichanganywe na marekebisho ya vipimo, na mhakiki ayasome kwa `git diff --word-diff`. Ukibadilisha kichwa cha sehemu, kagua viungo vinavyokielekea, kwani anwani yake mara nyingi hutengenezwa kutokana na maneno ya kichwa hicho.